Nilipomwita Mungu Mama

Sabato iliyopita niliingia chini ya benchi la kanisa hapa Oyugis, mama mzima mwenye wajukuu, mikono kichwani, makalio yakiwaangalia waumini.

Nilikuwa nimesimama kuomba: "Mungu, Mama yetu, asante." Pasta akanikatiza. "Dada, Mungu ni Baba! Kama baba yako mzazi!" Akainua mkono anibariki. Mimi nikisikia baba, na mkono uko juu, mwili unajificha wenyewe.

Kanisa likacheka. Ati Mungu mwanamke! Kijaluo chetu hakiulizi Mungu ni mume au mke. Sijui nani alimvalisha suruali.

Aliyecheka zaidi ni baba yangu, Obura, mzee wa kanisa, pale kiti cha mbele. Mzee, simama. Waambie waumini ni nani alinifundisha kukinga kichwa.