Tulivyoitoa power steering kwenye gari la Mjomba kule Kinole

Wakuu, salamu zenu. Kwa umri wangu wengi wenu mngeniamkia shikamoo, lakini humu ukumbini naona kila mtu ni mkuu, basi tusalimiane tu yaishe.

Juzi kuna kijana kaanzisha uzi, anataka kuitoa power steering kwenye gari lake aweke usukani wa kawaida. Mmemcheka sana. Mmoja kamwambia akanunue mkokoteni.

Mimi sijacheka. Nimekumbuka mbali, nikamwita binti yangu aache mchicha wake jikoni aje aandike ninayosema, maana macho yangu na hizi simu haviivi. Ninayoyasimulia niliyashika kwa mikono yangu, sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa miaka ya hamsini inaelekea ukingoni, Uhuru bado. Kwetu ni Kinole, juu milimani Uluguru. Nilikuwa kijana nimeoa, na kazi yangu ilikuwa kumwendeshea gari Mjomba Shomari, kaka yake mama, mfanyabiashara wa matunda.

Kwa ambao hamtujui Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno. Baba unamheshimu, lakini shamba la kulima na mke wa kuoa ni mambo ya mjomba. Mjomba akisema jiwe ni muhogo, wewe tafuta sufuria.

Sasa Mjomba alinunua gari kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Gari la Kimarekani, refu, jeupe rangi ya maziwa. Na lilikuwa na hiyo pawa. Mimi sikuwahi kuiona popote, na hata mafundi wa mjini walikuja kuichungulia.

Unageuza usukani kwa kidole kimoja. Mjomba akifika sokoni Morogoro alikuwa anakata kona kwa kidole cha shahada, mkono mwingine anapungia watu. Naamini alilinunua lile gari kwa ajili ya kidole kile tu.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Alfajiri nalishusha mimi kutoka mlimani, limejaa ndizi na machungwa mpaka kwenye viti, yeye kalala pembeni yangu. Tukifika mjini jua limeshatoka, njia tambarare, namwachia usukani aonekane.

Shida ikaanza pale mafuta ya pawa yalipopungua. Yale ni mafuta maalumu, na Morogoro ya wakati ule hayakuwepo dukani. Mjomba hakutaka kusikia habari za kusubiri. Akafungua kikopo cha pampu akajazia mafuta ya nazi.

Ndiyo wakuu, ya nazi. Alisema mafuta ni mafuta.

Mchana mjini gari lilikwenda vizuri tu. Kila tukikata kona linanukia maandazi, watoto wanatufuata.

Lakini alfajiri kule juu, usukani ulikuwa unageuka jiwe. Hauwi mzito moja kwa moja ukauzoea. Unakusaidia kidogo, unakuacha, unakusaidia tena. Siku moja kwenye kona ya chini ya kijiji ukagoma katikati. Nilisimama juu ya breki kwa miguu miwili. Gurudumu la mbele likasimama ukingoni, na mikungu niliyoifunga juu ya paa ikateremka bondeni peke yake.

Mjomba akaamka. Akatazama bonde, akanitazama mimi.

"Mikono yako ni ya kulia ugali tu," akasema, akalala tena.

Hata mimi nilianza kuamini kwamba kosa ni langu.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaninyima usingizi. Mke wangu Mwanahawa alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza tulimpoteza mtoto, uchungu ulimkuta kijijini, mvua imeharibu njia, hakuna pa kumpitisha kwenda hospitali. Safari hii mkunga wetu alisema wazi kuwa asithubutu kuzalia Kinole, ashushwe hospitali mjini uchungu ukianza tu. Na gari pale kijijini lilikuwa hilo hilo moja.

Kila nikimwangalia tumbo, naiona ile kona.

Asubuhi moja ya baridi nimekaa nakunywa uji, Mwanahawa anataka kupaka nywele. Akaipindua chupa ya mafuta, hayatoki. Akaiweka karibu na jiko.

"Baridi ya leo, hata mafuta hayajaamka," akasema.

Wakuu, nilikiweka kikombe chini. Mafuta ya nazi. Kila mtu anajua yanaganda, mama zetu wote wanayaanika juani asubuhi. Lakini nani angewaza kwamba yaliyo ndani ya gari nayo ni yale yale ya kwenye chupa?

Nikafurahi, halafu furaha ikanikauka. Aliyeyatia ni Mjomba. Nani wa kwenda kumwambia?

Nilijaribu kwa adabu zote. Nikamwambia Mjomba, hii pawa imeshaharibika, mipira inavuja, tungeitoa tuweke usukani wa kawaida. Alinijibu kwamba gari bila pawa ni lori, na yeye si utingo. Mama alijaribu, naye akaambiwa aangalie chungu chake.

Ndipo nikamkumbuka Fundi Sudi.

Sudi alikuwa na gereji yake mjini, na kabila lake na sisi Waluguru ni watani. Vijana wa leo mnadhani utani ni kutupiana maneno kwenye simu. Mtani anaweza kukwambia lolote, hata msibani, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Lile ambalo mpwa hawezi kulisema, wala dada, mtani analisema huku anacheka.

Nikamwendea kimya kimya, nikamweleza yote. Siku ya soko nikasingizia breki, tukaingia gereji na Mjomba akiwa ndani ya gari.

Sudi hakugusa breki. Alifungua kikopo cha pampu, akachovya kidole, akanusa. Halafu akajipaka mkononi mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama bibi harusi.

"Mluguru," akamwambia Mjomba, "hili gari unaliendesha au unalipikia? Kama unalipikia leta mihogo, mimi sijala."

Gereji nzima ikacheka. Kuna neno jingine alilisema hapo, binti yangu amekataa kuliandika.

Mjomba akajikaza. Sudi akanyoosha mkono akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Hii naizuia. Nimesikia una mkwe mwenye mimba na mlima huu wa kuteremka. Usukani wa kupikia sikurudishii. Sema toa, nitoe pawa, upate kofia yako. Usiposema, tembea sokoni kichwa wazi."

Mtu mzima wa Kiislamu, tena Shomari ninayemjua mimi, apite sokoni kichwa wazi, watu wote wanamfahamu. Alimtazama Sudi, akanitazama mimi. Nilijua amejua nani kapeleka maneno.

"Toa," akasema.

Nilikaa juu ya tairi kwa furaha.

Sasa kijana mwenye uzi, hapa nisikilize vizuri. Usikate mkanda wa pampu ukadhani umemaliza. Boksi la usukani wa pawa, lile linalogeuza magurudumu, limetengenezwa kwa kusaidiwa, ukiliacha bila msaada utang'oka mabega. Sudi alitoa pampu, mipira na boksi lenyewe. Akafunga boksi la kawaida la pikapu ya aina ile ile, iliyokufa siku nyingi kwenye shamba la mkonge. Halafu akaweka usukani mpana wa lori, ili mikono ipate pa kushikia.

Mizunguko ikawa mingi na uzito ukawepo, sitawadanganya. Lakini ni uzito wa namna moja, asubuhi na mchana. Unajua unachokishika.

Mjomba aliujaribu hapo nje ya gereji. Alianza na kidole, kwa mazoea. Akaleta mkono, akaleta na wa pili. Alipofika mwisho wa kona kanzu imelowa. Akanirudishia ufunguo, na kidole kile sikukiona tena.

Uchungu ulimshika Mwanahawa alfajiri, baridi imekolea, saa ile ile ya mafuta kuganda. Mama akakaa naye nyuma, Mjomba pembeni yangu, na safari hii hakulala.

Ile kona ilipokaribia nilisema bismillahi. Nikauvuta usukani, ukaja. Mzito, lakini ukaja wote, mpaka gari likanyooka upande wa pili. Mjomba akashusha pumzi, nami nikashusha. Tulipoifikia barabara ya tambarare ya Bigwa shati langu lilikuwa la kukamua, na sijawahi kufurahia jasho namna ile maishani mwangu.

Mwanahawa alijifungua salama mchana wake. Mtoto wa kike, analia mpaka nje tunamsikia.

Mama yangu akamtoa nje kwa kibali cha nesi. Wa kwanza kumpokea Mjomba, ndiyo haki yake. Akawaambia watu waliokuwa pale kwamba ni yeye aliyeamua ile pawa itolewe. Nikaitikia, kweli Mjomba.

Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mikono, na mikono ikakataa. Ilikuwa inatetemeka kuanzia mabegani kwa ile kazi ya kuteremka mlima.

"Kaa chini kwanza, baba," mama akaniambia. "Utamwangusha."

Nikakaa sakafuni, akanilaza mtoto mapajani. Nililia pale mbele ya watu na sikuona aibu.

Funzo langu ni dogo. Kitu kizuri kikiwa hakina mafuta yake mahali unapoishi, bora kile kigumu unachokielewa. Na kijana asichekwe, mwulizeni kwanza anapita njia gani na amembeba nani.

Karibuni mchangie, na mwenye kupinga apinge. Mtakachoandika atanisomea huyu binti. Amesimama kuandika mara mbili hapo juu, anafuta macho, maana habari ya mikono yangu hakuwahi kuisikia, na ndiye aliyelazwa mapajani siku ile.