Moyale, Alikoachwa Babu

Bibi yangu, tuliyemwita Akko, alikufa bila kukaa eda. Mumewe, babu Wario, alikuwa mchunga nyumbu wa mizigo wa jeshi la Mwingereza, na Mtaliani alipoizingira ngome ya Moyale katika Vita vya Pili vya Dunia, babu alikuwa ndani. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya kifo chake. Akko akakataa wachumba wote, akawa anamuulizia kwa kila dereva wa lori aliyeingia Isiolo kutoka kaskazini. Sasa mama yangu, mtoto wao pekee, naye amezeeka. Alinituma nikalitafute kaburi la baba yake, lisomewe dua, roho yake itulie.

Nilitoka Kiwanjani, mtaa wetu wa Isiolo, alfajiri. Archers Post, Laisamis, Marsabit, basi likiteleza juu ya lami na mimi nimelala kama gunia. Nilidhani nitasoma jina kwenye jiwe, nipige picha, nirudi. Ujinga wangu.

Moyale, saa tisa alasiri. Ya ngome nilioneshwa kipande cha ukuta tu, na mbuzi kivulini mwake. Jina halikuwepo. Karibu na hapo mama mzee aitwaye Halima alikuwa akiuza chai. Nilimtolea salaam, nikamweleza namtafuta Wario, mchunga nyumbu, aliyekatika ncha ya sikio la kushoto. Aliweka birika chini.

"Huyo ni babangu," alisema. "Kuja nikuonyeshe."

Ana kidevu cha mama yangu.

Tulivuka mpaka kwa miguu hadi upande wa Ethiopia. Njiani alinisimulia kwamba maji yalipowaishia ngomeni, askari wa Mwingereza walifunga viatu kwa blanketi wakatoroka kimyakimya. Nyumbu wana kelele, kwa hiyo waliachwa, na mchungaji wao pia. Mtaliani akamteka. Vita vikaisha, akaoa hukohuko.

Kaburi limepakwa chokaa, safi kabisa. Nikauliza alikufa lini. Alikufa miaka mingi baada ya Akko. Bibi yangu hakuwahi kuwa mjane.

"Mbona hakurudi Isiolo?"

"Alisema wale walimwacha walishamhesabu amekufa. Akasema basi, iwe hivyo."

Dua ilinishinda. Nilimchukia babu, na bado namchukia.

Kesho yake jioni nilimkuta mama mlangoni, amevaa buibui yake mpya. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuna habari ambazo heri mtu asizifuate, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Nikamweleza yote.

"Huko ni mbali?" aliuliza.

"Siku moja, mama."

"Siku moja," alisema, akajifunika uso kwa mtandio.