Uzi Mwekundu wa Fundi Akiba

Mtaa mzima ulimwita Fundi Akiba, na msidhani alikuwa mkono wa birika. Jina lilitokana na cherehani yake. Hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake bila kuachiwa kitambaa cha ziada ndani ya mishono, vidole vinne kila upande. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anaharibu vitambaa vya watu. Yeye alisema watu hawabaki kama walivyo, akaendelea kukanyaga.

Hata mke alimpata kwa ugomvi wa akiba hiyo. Msichana mmoja, mwembamba kama sindano, alimrudia na gauni mkononi, kavimba kwa hasira.

"Fundi, kitambaa chote hiki ndani cha nini? Unaniona nitanenepa?"

"Nakuona utaishi, dada," fundi akamjibu, wala hakuinua macho.

Dada akaondoka amenuna. Wiki iliyofuata akaleta kitambaa kingine ambacho, tuambiane ukweli, hakikuwa na haraka yoyote ya kushonwa.

Wakapata binti mmoja tu. Sketi yake ya shule ilikuwa ileile miaka minne, kila mwaka inateremshwa upindo, na kila upindo unaacha mstari. Wenzake wakawa wanaihesabu mistari kwa sauti. Siku moja akarudi analia, akamwambia baba yake kwamba anaichukia hiyo akiba yake. Mtoto ana maneno, jamani! Baba akasema, "Pole, mama," akachukua kitambaa kibichi na pasi, akaisugua ile mistari mpaka mkono ukamuuma. Haikufutika yote. Leo binti ni muuguzi, mtu mzima, na akiukumbuka ule mkono unavyokwenda na kurudi juu ya sketi yake, anamshukuru Mungu kwa kumpa baba yule.

Kwa wajawazito fundi alikuwa na utaratibu wake. Ndani ya kifua cha gauni alipiga bandi, mishono mirefu ya mkono, kwa uzi mwekundu. Mtoto akishazaliwa, unafumua mshono wa zamani, unashona upya kwa kufuata ule mwekundu, na mama ananyonyesha kwa raha zake. Mtu mwingine yeyote hakuwekewa nyekundu. Binti, aliyekulia chini ya meza ya kukatia akiokota vipande, aliyajua hayo kabla hajajua kusoma.

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Gauni la mwisho ambalo fundi alimshonea binti yake, alimpima akiwa na mimba ya wiki tisa, na binti hakumwambia. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka, na mara zote mbili fundi alifunga kibanda chake cha ushonaji siku tatu kama aliyefiwa. Binti akaona bora afunge mdomo mpaka itimie miezi minne. Baba akapitisha futi kifuani, akasita, akaipitisha tena.

"Baba, namba imekutoka kichwani?"

"Uzee," akasema. "Simama wima, mama."

Gauni likaisha. Wiki mbili baadaye moyo wa fundi ukasimama asubuhi, mguu wake ukiwa bado kwenye kanyagio. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, na kila aliyekuja kumpongeza binti alimkuta anacheka, na akishaondoka, binti alilia. Baba aliondoka hajui. Kwa wiki chache tu za woga, alimnyima mzee furaha aliyoisubiri miaka.

Mwaka ulipotimia, ndugu waliitwa kula pamoja na kumkumbuka fundi. Asubuhi hiyo binti akalitoa gauni kabatini kwa mara ya kwanza. Likagoma kifuani.

"Lifumue," mama yake akasema. "Si kazi ya baba yako hiyo? Akiba imo."

"Siwezi, mama. Nitavaa jingine. Hii ndiyo mishono yake ya mwisho."

"Hakushona liwekwe makumbusho. Shika wembe."

Binti akapiga moyo konde, akaligeuza gauni nje ndani. Kifuani, pande zote mbili, uzi mwekundu.

Akakaa kitandani.

"Mama, ulimwambia wewe?"

"Nimwambie nini, na mimi mwenyewe ulinificha?" Mama akasogea, akaugusa ule uzi kwa kidole, na sauti yake ikashuka. "Kumbe! Siku aliyokupima alirudi anaimba. Nikamuuliza kulikoni, akasema leo kapata wateja wawili kwa gauni moja. Nikajua ni porojo zake tu."

Binti akalia, na safari hii kilio kilimpunguzia. Alijua. Baba alijua, akaitunza siri ya mwanawe bila kumuuliza, akaenda zake anaimba.

Kisha akajifuta uso na kufumua. Mama akatunga uzi sindanoni, wakalipeleka gauni kwenye cherehani ileile, na binti akakanyaga taratibu, akifuata nyekundu asikosee hata hatua moja. Mtoto alipoamka akilia njaa, gauni lilikuwa tayari.