Ukuta Uliochelewa Kubomoka

Damu yangu ya kwanza ilinikuta Kwedizinga kwa bibi, wakati wa likizo, tukipukuchua mahindi. Bibi aliiona kwenye kanga yangu kabla sijaiona mimi, akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Karibu, mke mwenzangu," akasema. "Sasa babu yako ataniacha."

Nilifunika uso. Bibi akanionyesha namna ya kufunga vitambaa, kisha akanieleza kwamba ndani ya mwanamke mna chumba. Kila mwezi ukuta wake hukandikwa udongo mpya, laini, kumngojea mtoto. Mtoto asipokuja, udongo hubanduka na kutoka, na kazi huanza tena. Akanipa uzi wa katani wa kufunga fundo moja kila siku. Nikikaribia fundo la ishirini na nane, alisema, nitaona tena.

Nyumbani kwetu Korogwe uzi ule aliuchukua shangazi, dada yake baba, tuliyekaa naye mtaa wa Masuguru. Kwetu mambo hayo mama hayasemi na binti yake. Ni kazi ya shangazi. Kila asubuhi alifunga fundo mwenyewe. Ishirini na nane likapita. Thelathini na tano likapita. Mimi nilikuwa na hofu ya kitu kimoja tu, mtihani wa darasa la nne, kwa kuwa bila kuushinda huendi darasa la tano, na wasichana tulikuwa watatu tu.

Fundo la arobaini na moja lilipofungwa, zilibaki siku nne tufanye mtihani. Shangazi alifunga mlango.

"Nani?" akauliza.

"Nani nini, shangazi?"

"Usinichezee. Nani aliyekupa mimba?"

Nilitaka kusema hakuna, lakini niliona haya. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Shangazi akadhani hilo ndilo jibu.

"Basi shule imekwisha," akasema. Daftari zangu akaziweka juu ya kabati, nisipofika.

Nililia siku nzima, hata uji sikunywa. Kesho yake akachukua uzi wake, akanipeleka kwa mkunga wa zahanati, ili apate kujua mimba ina miezi mingapi. Mkunga alikuwa mama mnene, mwenye aproni nyeupe na mikono ya baridi. Alinipapasa tumbo, akaniuliza mambo mawili matatu, nikajibu kwa kutikisa kichwa.

"Ameona damu mara ngapi tangu avunje ungo?"

"Mara moja," akajibu shangazi.

"Mara moja! Na wewe umeshakuja na uzi kama mpimaji wa barabara?"

Nilicheka bila kutaka. Mkunga akavuta kiti.

"Sikiliza, dada. Damu ikiisha, ukuta wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Kisha unanenepa kidogo kidogo. Katikati ya mwezi yai linatoka, na kile kifuko kilichotoa yai ndicho kinachoulainisha ukuta na kuushikilia. Yai lisipopata mbegu ya mwanamume, kifuko kinachoka baada ya kama wiki mbili, kinauachia, ukuta unabomoka. Ndiyo damu."

"Na huyu wangu?"

"Huyu ni mgeni wa kazi. Miezi mingine yai halitoki. Hakuna kifuko cha kuushika ukuta wala cha kuuachia, basi unaendelea kunenepa tu, mpaka uzidiwe na uanguke wenyewe. Fundi wake bado anajifunza."

"Anajifunza siku arobaini na mbili?"

"Wewe ulijifunza kupika ugali siku ngapi? Hana mimba. Mrudishie daftari zake."

Shangazi alizirudisha, lakini hakuamini sawasawa. Siku ya mtihani alinisindikiza, akakaa nje karibu na ua wa shule, akisuka ukili.

Hesabu nilimaliza. Katika insha, ambayo mimi huandika polepole, nikasikia tumbo linavuta, kisha joto. Nikajua. Niliandika mpaka mstari wa mwisho. Wenzangu wakatoa karatasi zao, wakatoka. Mimi nikabaki nimekaa.

"Umemaliza?" mwalimu akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nenda nyumbani."

Sikuinuka. Akaniuliza tena, nikatazama meza. Shangazi, alipoona wote wametoka isipokuwa mimi, aliingia darasani bila hodi. Akanitazama usoni, akatazama benchi. Akafungua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, kisha akapiga vigelegele vilivyowarudisha wenzangu wote madirishani.

"Mama, kuna nini?" mwalimu akashtuka.

"Amefaulu, mwalimu! Mtoto wangu amefaulu!"

"Lakini bado sijasahihisha."

"Wewe sahihisha yako," akasema shangazi, "yangu nimekwisha kusahihisha."

Njiani hakuniomba radhi. Alichukua mfuko wangu wa daftari, akajitwika kichwani mwenyewe, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.