Sanduku Lililokataa Kufungwa

Sanduku langu la bati hupumua. Ukiliinua lile komeo na kusukuma kifuniko juu, hewa iliyokuwa imelala ndani hutoka kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi baada ya safari ndefu, na papo hapo harufu inafuata: bati, rangi ya mafuta, sabuni ya kipande na vidonge vya kuzuia nondo. Wiki iliyopita nililishusha kutoka juu ya kabati ili nimpe binti wa dada yangu, anayekwenda shule ya bweni. Nikalifungua nilipanguse vumbi. Lilipopumua tu, nikawa na miaka kumi na minne, nimesimama Shauri Moyo katikati ya kelele za nyundo, na nimetoka tu kuharibu bati nililopewa.

Sisi tulikaa Kaloleni, katika nyumba za zamani za mawe, na Baba alifanya kazi ng'ambo ya barabara kuu, Shauri Moyo, kwenye uwanja wa mafundi. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Kama hujawahi kusikia uwanja ule mwezi wa Januari, sijui nikueleze vipi. Watu ishirini wanagonga bati kwa wakati mmoja, kila mmoja na mdundo wake, na baada ya nusu saa masikio yako yanakubali kuwa huo ndio ukimya. Baba alitumia kipande cha reli kama fuawe. Alikunja bati juu yake kwa nyundo ya mbao, taratibu, kama mtu anayekunja blanketi la mtoto.

Mimi nilipewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa lugha ya kwetu magharibi. Wateja walishtuka kumsikia mwanamume mzima akimwambia msichana mwembamba, "Kukhu, nipe huo mkasi."

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na barua ya kuitwa kidato cha kwanza ilikuwa imefika. Shule ilikuwa na maabara ya fizikia, na jambo hilo nililitangaza kwa kila aliyenisalimia. Nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja barabarani mwenye kofia ngumu ya manjano akichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu, na wanaume wenye matingatinga wakingoja aseme neno. Nikauliza huyo ni nani. Nikaambiwa ni injinia. Tangu siku hiyo sikutaka kuwa kitu kingine.

Barua ilitaka godoro, ndoo, blanketi mbili, na sanduku la bati lenye kufuli. Nikampelekea Baba uwanjani, nikijua sanduku langu litakuwa zuri kuliko ya wote. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Nina masanduku ya watoto wa wenyewe hapa mpaka Jumapili," akasema. "Wewe si unataka uinjinia? Jitengenezee."

Odhis, fundi mwenzake aliyegonga bati hatua mbili kutoka kwake, aliacha nyundo hewani. "Mzee, unataka mtoto aende shule na nguo kwa gunia?"

"Ataenda na sanduku lake," Baba akajibu. "Tena ataanza na karatasi. Fundi anaweza kuanza na nyundo. Injinia anaanza na kalamu."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumatatu nilitakiwa kuripoti.

Nilikwenda nyumbani na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka natabasamu. Nilichukua daftari la miraba, rula, bikari na penseli niliyoichonga hadi ikawa kama sindano. Nilichora kila upande wa sanduku peke yake: kitako, mbele, nyuma, mbavu mbili, kifuniko. Urefu sentimita sabini na tano, upana arobaini na tano. Kifuniko nacho, kwa kuwa kilipaswa kufunika sanduku hilo hilo, nikakipa sabini na tano kwa arobaini na tano. Nilihakikisha kila mstari mara tatu. Mchoro ulikuwa safi kiasi kwamba sikutaka hata kuugeuza ukurasa.

Alhamisi asubuhi Baba aliutazama mchoro huo kwa muda mrefu. Aliuinamisha, akausimamisha, akakuna kidevu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Hakuna unachotaka kubadilisha?"

"Hakuna."

Akaweka sahihi yake pembeni, kama afanyavyo mkubwa wa ofisi, akanipa mkasi wa bati. "Haya. Kata."

Nilikata siku nzima, na Ijumaa nikakunja. Mkasi wa bati una tabia ya kuuma kiganja mahali pamoja tu, na jioni nilikuwa na malengelenge mawili niliyoyaonyesha Kaloleni nzima kama medali. Baba hakunishikia kitu. Alinionyesha kwa masanduku ya wengine. Ukimtazama, umefundishwa, usipomtazama, shauri yako. Nilimwona jinsi anavyozungushia waya kwenye ukingo wa juu wa sanduku na kulikunja bati juu ya waya huo, ili ukingo uwe mgumu na usikate mikono. Nikafanya vivyo hivyo. Hata Odhis alikuja akapitisha kidole, akasema, "Si mbaya, injinia."

Jumamosi saa nne nikabeba kifuniko changu kwa mikono miwili, nikakiweka juu ya sanduku.

Hakikuingia.

Nikabonyeza kona moja, nyingine ikaruka. Nikabonyeza hiyo, ya tatu ikainuka. Nikakikalia. Kifuniko kilikaa juu ya sanduku kama sahani juu ya chungu, kimegoma kabisa kushuka.

"Eh, injinia!" Odhis akapaza sauti. "Hii kifuniko imekataa ndoa!"

Mama Shiro, aliyeandika majina kwenye masanduku kwa brashi na rangi nyeupe, na ambaye hakuna sanduku lililoondoka uwanjani bila mkono wake, alikuja na kopo lake la rangi kutazama. "Wee! Si ni kama kofia ya mtoto umevalisha baba yake," akasema, na uwanja mzima ukacheka, hata wateja.

Mimi sikucheka. Nilijua kuwa lile bati ndilo nililopewa na hakukuwa na jingine. Bati la uwanja lote lilikuwa la masanduku ya watu. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Na zaidi ya sanduku, kulikuwa na lile neno ambalo sasa kila mtu aliniita. Nikaona limekwisha hapo, kabla sijaiona hata hiyo maabara ya fizikia. Nikaenda nyuma ya mapipa, nikalia.

Baba alikuja akaketi juu ya pipa lililolala. Hakunipangusa machozi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Kukhu. Niambie, kofia na kichwa, kikubwa ni kipi?"

"Kofia."

"Na wewe umefanyaje?"

"Nimevifanya sawa. Lakini kwenye karatasi viliingiana!"

"Karatasi haina unene," akasema. "Bati lina unene. Waya una unene. Ukikunja bati juu ya waya, ukingo umenenepa. Huo unene uliuandika wapi?"

Nikafikiri. Sikuuandika popote.

Akatoa kiberiti mfukoni, akanipa njiti moja. Tukarudi kwenye sanduku, akaniagiza niweke njiti ile ubavuni mwa ukingo. "Kifuniko kipite nje ya ukingo, halafu kibaki na upenyo wa njiti moja kila upande. Pungufu ya hapo, hakiingii. Zaidi ya hapo, kinacheza, mvua inaingia. Chora upya."

"Nikichora upya nitakata nini? Bati limekwisha."

Akaanza kupekua nyuma ya magunia ya makaa kama mtu aliyepoteza kiatu. "Ngoja nione… Ah! Mungu ni mwema. Kumbe kuna kipande hapa." Akakivuta, akanikabidhi palepale, wote tukitazama. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa vumbi la makaa, lakini kilikuwa kinatosha kifuniko kimoja.

Nilichora upya, safari hii nikiwa nimepiga magoti kando ya sanduku lenyewe, nikipima unene kwanza na urefu baadaye. Nikakata. Nikakunja. Mashariki ya uwanja kivuli kilikuwa kimerefuka nilipokiinua kifuniko cha pili. Odhis aliacha kugonga. Mama Shiro alishika brashi bila kuandika. Nikakishusha polepole, na sanduku likapumua: hewa ikatoka kwa pande zote nne, fuuu, kisha ta!

"Imelala!" Odhis akapiga kelele. "Imelala kama mtoto!"

Walinipigia makofi kwa nyundo, kila fundi juu ya bati lililokuwa mbele yake. Sijawahi kusikia makofi kama hayo tena, na nimewahi kusimama kwenye majukwaa. Kifuniko cha kwanza Mama Shiro alikidai kiwe sinia la makopo yake ya rangi. "Hapa hakuna kitu kinaitwa kosa," akasema. "Kuna sinia tu."

Aliniandikia jina langu mbele, kwa herufi za kujivuna. Kisha akapindua sanduku, na chini kwenye kitako, mahali ambapo mwalimu wa zamu asingepachungulia, akaandika tena jina langu, safari hii likitanguliwa na herufi tatu: INJ. Baba kwa upande wake alibandika ukurasa wa kalenda ya zamani ndani ya kifuniko, akaupaka gundi kingo zote. Alisema ni ili bati lisichafue nguo.

Vijana hunijia siku hizi wakiniuliza njia ya kufika nilipo, na mimi hupenda kuwaeleza bila haraka. Miaka minne ya sekondari, ukishikilia hisabati na fizikia hata siku zinapokuchosha. Miaka mitano ya chuo kikuu. Likizo kadhaa za kuvaa ovaroli kwenye viwanda na mitaro, ukijifunza kazi na kutumwa chai. Kisha miaka mingine ukifanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa, ukiandika ulichofanya, hadi nawe uitwe mbele ya jopo, uhojiwe, usajiliwe. Ndipo unaruhusiwa kuandika cheo mbele ya jina lako. Mama Shiro aliniandikia changu mapema kidogo. Leo madarasa yana majina mengine na mitihani mingine, lakini unene wa bati haujabadilika.

Chuo kikuu, mwaka wa kwanza, mwalimu wa karakana alituuliza tundu liwe kubwa kiasi gani kuliko chuma kinachoingia ndani yake. Wenzangu wakafungua vitabu. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Njiti ya kiberiti." Darasa likacheka. Mwalimu akasema jibu langu ni nene mno kwa mashine ile, lakini ni mimi pekee niliyelielewa swali.

Wiki iliyopita, basi, nilipokuwa nikipangusa sanduku, ule ukurasa wa kalenda ulibanduka wenyewe kwa uzee. Chini yake, kwenye bati, gundi ikiwa imeondoka na lile vumbi la makaa, kulikuwa na mwandiko wa Baba kwa wino mzito, umekatwa mwishoni pale mkasi wangu ulipopita: "Kukhu, kifuniko cha pi".

Nilikaa sakafuni. Kisha nikampigia simu. Siku hizi anakaa nyumbani magharibi, anafuga kuku na kuwasimamia mafundi wa kijiji bila kuombwa.

"Baba, lile bati la nyuma ya magunia. Uliliandika lini?"

Nikasikia kuku wake.

"Siku ulipoleta mchoro."

"Kwa hiyo ulikuwa umeliona kosa. Ukaweka sahihi!"

"Kukhu, sanduku lilifungwa au halikufungwa?"

"Lilifungwa."

"Basi."

Nilikuwa nimeamini miaka yote hiyo kwamba siku ile bahati iliniokoa. Kumbe mtu mmoja alikuwa ameusoma mchoro wangu, akalipima kosa langu kama anavyopima bati, akatenga kipande cha kulitosha, kisha akaniacha nikate.

Ofisini kwetu kuna msichana aliyetoka chuo juzi, ana michoro safi sana. Jana aliniletea mmoja wa kifuniko cha tangi dogo la majaribio, kitu ambacho kikikataa hakiwezi kumuumiza mtu. Niliutazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama amemaliza, akasema amemaliza.

Nikaweka sahihi. Alipotoka, nikashuka stoo kutafuta bati la pili.