Kifuniko cha Mahameli

Mke wangu wa ujana nusura nimpoteze kwa sababu ya kitambaa cha kukalia. Nalisema hilo mapema, maana watu wakinisikia naanza habari za baiskeli hudhani nitawachekesha. Yapo ya kuchekesha, sikatai, ila mimi mwenyewe huwa nacheka nusu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nami nilikuwa mlinzi wa mbung'o. Serikali ilikuwa imefyeka vichaka vingi kuzunguka Shinyanga ili wadudu hao wakose kivuli, na Ibadakuli, nilikojenga, hapakuwa na mbung'o hata mmoja. Lakini upande wa magharibi, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, vichaka vilianza tena, na hapo njiani palikuwa na kizuizi. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Msumbwa mwenye maneno mengi. Kazi yetu ilikuwa kumsimamisha kila atokaye upande wa machimbo ya Geita, kumkung'uta nguo na kuhakikisha haingii mjini na mbung'o mgongoni. Mdudu huyo hupenda kitu kinachotembea, na hupenda rangi nyeusi. Hukudandia bila wewe kujua, ukafika naye nyumbani. Ndiye aletaye malale.

Mwenye baiskeli alikuwa na utaratibu wake. Tulikuwa na kibanda cha udongo tulichokipaka masizi ndani ili giza likolee, chenye tundu moja tu ukutani, na kwenye tundu hilo mtego wa wavu. Unaingiza baiskeli, unafunga mlango, unasimama kimya. Mbung'o akijikuta gizani huacha alichokishika na kuurukia mwanga, akanaswa. Kwa hiyo nilikuwa nashinda mchana kutwa na jua la utosi liko nje, mimi niko gizani na baiskeli ya mtu nisiyemjua. Gurudumu huendelea kuzunguka peke yake, tik, tik, tik, halafu huacha. Macho yakizoea, vitu huanza kung'aa kimoja kimoja kwa ule uzi wa mwanga: kengele, ukingo wa taa, kioo chekundu cha nyuma. Kila mara nilihisi vinanitazama. Mimi ndiye niliyewekwa pale kuzuia maradhi, na yangu niliyapata humo humo ndani.

Macho hayana pazia. Nilianza kwa kutazama, kisha nikawa napapasa. Siku moja kengele ililia mara moja, kavu, na mkono wangu ulikuwa mfukoni. Mwenye baiskeli akauliza kutoka nje, "Unacheza na kengele yangu?" Nikamwambia sikuigusa. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi jioni ile ile nilipita mjini kwenye duka la Mhindi nikanunua kengele kama ile.

Hapo ndipo baiskeli yangu ilipoanza kunila. Kengele mpya iliufanya usukani uonekane mkuukuu, nikanunua vishikio vya mpira vyenye nyuzi za rangi. Vishikio vikaifanya pampu yangu iwe aibu. Kila nilichoongeza kilikifichua kingine kilichokosekana, na hakuna siku niliyotoka dukani nikasema sasa imetosha. Nyumbani mke wangu alikuwa akipikia chungu chenye ufa, na sufuria nilikuwa nimemwahidi tangu mavuno. Hakunikumbusha. Angenikumbusha pengine ningekasirika na mambo yakaishia hapo.

Kisha nikakiona kifuniko cha siti. Kilikuwa cha mahameli nyeusi ti, laini, na matamvua marefu yaliyoning'inia pande zote mpaka karibu na fremu. Ukiendesha, yanacheza. Mlinzi wa mbung'o aliyefundishwa miaka mitatu kuikwepa rangi nyeusi alikitazama kitambaa kile asikumbuke hata neno moja la mafunzo yake. Nikakinunua.

Asubuhi yake nilikwenda nacho kazini, na jioni wakati wa kurudi mwenzangu akanifungulia mlango wa kibanda. Sheria ilikuwa hiyo, hata sisi tulipaswa kupita.

"Ingia nawe, bwana harusi," akasema.

"Kuta zina masizi. Kitachafuka."

"Basi nikikung'ute kwa mkono."

"Mikono yako ina nini? Acha."

Akanyanyua mabega, akainua gogo la kizuizi. Mganga hajigangi, na siku ile mlinzi hakujilinda. Nilipita, na siku zilizofuata nilipita vivyo hivyo.

Haukwisha mwezi mke wangu akaanza kuumwa kichwa na homa za kuja na kwenda. Baadaye akaanza kusinzia. Alilala mchana na mwiko mkononi, uji ukafurika jikoni bila yeye kushtuka. Usiku alikuwa macho, amekaa wima kitandani akisikiliza. Asubuhi moja nilimkuta miguu ina tope mpaka magotini, na hakujua alikotoka.

Jirani yetu, mama mtu mzima tuliyemwita mayu, alikuja kumjulia hali. "Mwangaluka," akasalimia, asijibiwe. Akamtazama mke wangu muda mrefu, akanivuta nje.

"Huyu humo ndani si yeye," akaniambia. "Ameachwa umbo tu. Mwenyewe wamemchukua, analimishwa usiku shamba la mtu. Ndiyo maana mchana amechoka."

Nilikuwa mtu wa serikali, nina kofia na kitambulisho, na nikajidai sisadiki habari za misukule. Lakini usiku ule nilimnusa mke wangu nywele ili nijue kama ni yeye. Nilikuwa namwogopa, nasema kweli, na nilikuwa naogopa kumkosa.

Siku mbili baadaye nilirudi jioni nikamkuta amekaa kizingitini.

"Mbona hukusimama mchana?" akaniuliza.

"Mchana nilikuwa kazini."

"Ulipita hapa, jua limesimama kichwani. Nikakuita. Taa yako ilikuwa inawaka."

"Sina taa mimi."

"Ile ya fedha, yenye kofia juu kama ukope. Na waya unateremka hadi kwenye kichupa kinachosugua tairi." Akachora hewani kwa kidole, polepole.

Taa hiyo ilikuwapo. Ilikuwa imeletwa dukani wiki ile ile, taa ya dinamo yenye kofia juu, na nilikuwa nimesimama mbele yake mara mbili pasipo kununua. Sikumwambia mtu. Mke wangu hakuwa amefika mjini tangu augue, na baiskeli za kwetu hazikuwa na kitu kama hicho. Nilikuwa nimeiwaza peke yangu, naye mke wangu alikuwa amekwisha kuniona nimeifunga na kupita nayo. Mpaka leo sina maelezo. Watu wa dini wamenipa yao, na wa hospitali yao, nami nimeyasikiliza yote kwa adabu.

Sikungoja tena. Asubuhi nilimpandisha kwenye karia, nikamfunga kiunoni kwangu kwa kanga asianguke, nikampeleka hospitali ya mjini. Njia nzima kichwa chake kilikuwa kikinigonga mgongoni kila tulipopita kwenye shimo. Mganga msaidizi alimtoboa kidole, akaitazama damu kwenye darubini, akarudi ameshika kalamu.

"Malale," akasema. "Ameingia vichakani lini?"

"Hajaingia. Hatoki nyumbani."

"Kwenu kuna mbung'o?"

"Hakuna."

"Basi amempata wapi?"

Kwa heshima ya kofia yangu, hakuniuliza tena.

Kesho yake nilipofika kizuizini mwenzangu alikuwa amekwenda kuchota maji. Wakati wa saa sita mchana, bila mpita njia yeyote, niliingiza baiskeli yangu kibandani kwa mara ya kwanza tangu ninunue kifuniko. Nikafunga mlango. Gurudumu likazunguka, likaacha. Nikasimama nimeshika mdomo, na kwa muda hapakuwa na kitu, nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha kitu kikapita karibu na sikio langu, kikaenda tunduni. Kikafuata cha pili. Cha tatu hakikuruka. Nilinyanyua matamvua, nikamkuta hapo chini, ametulia kwenye mahameli, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Nilikuwa nimewapakia na kuwapeleka nyumbani kila jioni, na kuwaegesha ukutani karibu na mlango wa chumba chetu cha kulala.

Nilikikata kifuniko vipande vipande nikakichoma moto nyuma ya kibanda. Kilinuka nywele. Mwenzangu aliporudi na maji aliuliza kinachoungua, nikasema takataka.

Ningependa kuandika kwamba toka siku ile tamaa ilikwisha. Mke wangu alikaa hospitali miezi mingi, akichomwa sindano mpaka za uti wa mgongo, na siku nyingi hakunitambua. Kila Jumapili nilipotoka kumwona nilipita mbele ya duka lile. Jumapili moja niliingia nikanunua taa. Nilijiambia ni kwa ajili yake, ili siku atakayotoka tukichelewa njiani tuone. Ni uongo mzuri, na ninaukumbuka vizuri kwa sababu ulinifurahisha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Akapona. Walimtoa alasiri ya siku yenye upepo, amekonda, macho yamepungua nguvu kwa dawa kali, lakini ni yeye. Alipanda karia mwenyewe, nikaanza kuendesha kuelekea Ibadakuli. Hakusema lolote juu ya taa, wala sijui kama aliiona. Vumbi lilikuwa linatupita. Nilifurahi kwamba yuko nyuma yangu na sioni uso wake, kwa sababu nilikuwa nimeamua kumwambia.

"Ni mimi niliyekuletea," nikasema. "Mbung'o. Walikuwa kwenye kile kifuniko."

Kichwa chake kikanilalia mgongoni, nikadhani amesinzia, nikaogopa ugonjwa umerudi.

"Najua," akasema. "Siku ile ya kwanza uliporudi nacho kutoka kazini, ulipoingia ndani kunawa, nilikwenda kukishika nione ulaini wake. Akaniuma hapohapo. Nilimwona, nikamjua ni nani."

Nikasimamisha baiskeli.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Tangu unioe sikuwahi kukusikia unaimba."