Runinga Ilipowaka Matongo

Shimo la dhahabu lilipoporomoka Matongo, waliookolewa walikimbizwa hospitali kabla hatujawatambua. Jirani yangu alikuwa na video yao kwenye kompyuta iliyopasuka kioo. Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa shimoni, akamwambia, "Mwanangu, unganisha na runinga nione vizuri."

Jirani akachomeka waya. Runinga ikabaki nyeusi. Akahamia tundu la pili, mama akiwa ameuma pindo la kanga. Picha ikatokea: wanaume waliojaa tope, sura hazitambuliki.

"Simamisha hapo!" Akasogea, akagusa kioo. "Ni yeye. Hicho kiraka begani nilikishona mimi."

Kisha akaifokea runinga kwa Kikurya, kana kwamba mumewe anasikia. Sijawahi kufurahia ugomvi wa mke na mume namna ile.